Njegere Zilizoota Gumbo

Njegere hazioti Juba. Erina aliambiwa hivyo na muuza mboga wa Kiganda pale njiani, akaambiwa na wapishi wenzake katika hoteli ya Hai Amarat, akaambiwa na mumewe Fulgensio, ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu lakini ana neno juu ya kila kitu kitokacho ardhini. Njegere ni mmea wa baridi, walimwambia, wa milima ya kwenu Kabale, Uganda, ambako watu huamka na ukungu puani. Hapa jua linapasua jerikeni. Erina aliwasikiliza wote, akawaitikia kwa adabu, kisha akaloweka mbegu zake kwenye kikombe. Mwanamke yule ukimwambia jambo haliwezekani, ndiyo umemtuma alifanye.

Lakini safari hii hakuwa akishindana na mtu. Alikuwa na mtoto asiyekula.

Lillian alikuwa na miaka mitano. Walimwacha kwa bibi yake Kabale akiwa na miwili, Erina na Fulgensio walipokuja Juba kutafuta maisha, wakisema ni kwa miezi sita tu. Unajua miezi sita ya watu walio ugenini. Ikawa miaka mitatu. Walipomleta hatimaye, mtoto alishuka kwenye basi amekumbatia mfuko wa nguo zake, akamwamkia Erina vizuri kabisa, kama anavyoamkiwa mama wa jirani. Hakumwita mama. Aliyekuwa mama kwake ni Kaaka, ndivyo Wakiga wamwitavyo bibi, na Kaaka alikuwa amebaki mlimani.

Tangu siku ile mtoto akafunga mdomo. Wali hataki, ugali hataki, ndizi anazitazama mpaka zinapoa. Alichoomba kilikuwa kimoja tu, kwa sauti ndogo: njegere za Kaaka. Erina alinunua zile kavu za sokoni, akazipika nusu siku. Lillian aliweka tatu mdomoni, akazitema kwa heshima kwenye kiganja. Tabibu wa kliniki alimzungushia mkono utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, ukasimama kwenye njano ukielekea kwenye nyekundu. Akasema, mama, huyu asipoanza kula, mwisho wa mwezi ujao mrudisheni alikotoka.

Erina alitoka pale amembeba mtoto. Miaka mitatu alikuwa amemlea mwanawe kwa simu. Akimrudisha sasa amempoteza moja kwa moja, na hilo alilijua bila kuambiwa na tabibu.

Nyumba waliyopanga iko Gumbo, ng'ambo ya daraja la mto Nile. Ni ya mwanamke mmoja wa Kibari, kabila la wenyeji wa Juba, jina lake Suzan, aliyekimbilia Uganda na familia yake yale mapigano ya mwaka 2016, akabaki huko huko. Kaka yake, Loro, hakuwapo wakati ule. Alirudi miaka baadaye, akaikuta nyumba imefungwa, akafagia popo, akaipangisha. Nyuma kuna uwanja wenye udongo mgumu kama sahani. Isipokuwa mahali pamoja, karibu na ukuta, kipande kifupi kilichoinuka kidogo, ambapo udongo ulikuwa laini na mweusi, na ukiutia mkono unahisi ubaridi. Juu yake kulikuwa na mawe matano.

Erina akafanya kile afanyacho kila Mkiga anapofungua shamba: aliyaokota mawe, akayapanga pembeni yawe kingo ya kuzuia maji. Kwao kaburi la zamani hulijua kwa maua yaliyopandwa kichwani. Mawe ni mawe tu, adui wa jembe. Mgeni ni kipofu, hata akiwa na macho.

Mbegu zilitoka siku ya tatu. Hata Kabale, kwenye udongo uliolishwa samadi na babu na mjukuu wake, njegere huchukua wiki nzima kuchungulia. Erina alifurahi, halafu akakunja uso, halafu akaamua kufurahi. Aliichomekea miche vijiti vya kutambalia, na miche ikavipanda kwa haraka kiasi kwamba jioni alikuta vikono vyake vyembamba vimeshika mahali ambapo asubuhi havikufika. Ilipofika juu ya vijiti haikuligeukia jua. Iliinama yote upande mmoja, kuelekea mlango wa nyuma wa nyumba.

"Upepo," Fulgensio alisema.

"Upepo gani? Umeona upepo Juba mwezi huu?"

"Upepo hauonekani," akasema, akavaa fulana yake ya kazi, akaenda zake uwanja wa ndege kupakua mizigo. Yeye alifanya zamu ya jioni na Erina ya asubuhi, ili mtoto asibaki peke yake.

Maua yalitoka meupe. Nyuki wa Gumbo, wanaopigania hata ganda la embe, hawakuyagusa. Kuku wa jirani, ambao hawajui mpaka wala aibu, walifika ukingoni mwa kile kitalu, wakainua mguu mmoja, wakageuka. Na mchana, jua la utosi, wakati mbwa wamelala chini ya magari na bati zinalia kwa joto, ukivua kandambili ukakanyaga pale baridi inakupanda mpaka gotini. Erina alikanyaga mara moja. Baadaye alimwagilia akiwa amesimama mbali, akirusha maji kwa kopo, na akijicheka mwenyewe kwa kuogopa mboga.

Wiki ya tano walichuma. Erina aliziambua mbele ya Lillian, akazichemsha na chumvi kidogo, kitunguu na kijiko cha samli, akaweka bakuli mkekani, akajifanya ana kazi dirishani. Alisikia kijiko kikigonga bakuli. Kikagonga tena. Alipogeuka bakuli lilikuwa tupu na mtoto anapitisha kidole ndani yake. Erina alikwenda jikoni akalia kwa sauti, bila haya, akimshukuru Mungu na mababu na muuza mbegu.

Kuanzia siku hiyo Lillian alikula asubuhi, mchana na jioni, na alikula njegere zile tu. Kadiri walivyochuma ndivyo zilivyozidi. Mashavu yakajaa, mkono ukajaa, utepe wa tabibu ukarudi kwenye kijani. Fulgensio aliwasimulia habari ile wapakuzi wote wa mizigo, na kwa namna alivyosimulia, wazo la kupanda njegere lilikuwa lake.

Mtoto akaacha kumuulizia Kaaka. Erina alifurahi, na tusimlaumu. Akaacha pia kuongea Kikiga. Erina akadhani ni kimya cha mtoto anayezoea mji. Lakini kila mchana, saa ambayo hata mijusi hutafuta kivuli, Lillian alikuwa kule nyuma amechuchumaa katikati ya njegere, bila jasho hata tone, akiambua na kugawa mafungu mawili kwenye udongo. Fungu moja alikula. Lingine aliliacha. Erina alikaa mlangoni siku moja makusudi, amuone ndege au panya atakayekuja kulichukua. Hakuja ndege, hakuja panya. Alipepesa macho kumfukuza nzi, na alipotazama tena udongo ulikuwa mtupu.

"Mtoto hali, unalia. Mtoto anakula, unalia," Fulgensio alimwambia kwa Kikiga, maana wao wawili huongea lugha ya kwao. "Tukupe nini, Erina?"

"Hajawahi kuniita mama."

"Ataita. Shibe kwanza."

Jumapili Kaaka alipiga simu. Erina alimwekea mtoto sikioni. Sauti ya bibi ilisikika mpaka mlangoni, ikimwita kwa majina yote ya kubembeleza, ikimwambia habari za mbuzi wake. Lillian alisikiliza kwa upole, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine, akaiweka simu juu ya meza ikiwa bado inaongea, akatoka nje. Hapo ndipo Erina alipoogopa kweli. Mtoto amsahau yeye, sawa, alistahili. Lakini amsahau Kaaka?

Wiki iliyofuata Loro alikuja kurekebisha bawaba za geti. Ni mtu wa maneno mengi na kazi kidogo, kwa hiyo haikuchukua muda akaacha nyundo, akazunguka nyuma kuzitazama zile njegere ambazo mtaa mzima unazisema. Alirudi anacheka.

"Mama Lillian, nani nafundisha mtoto yako Kibari?"

"Hakuna mtu," Erina akasema. "Mimi mwenyewe najua kwes na khalas peke yake, na hiyo ni Kiarabu."

"Lakini anaongea! Anaongea kama mtu ya hapa hapa. Watoto ya dada yangu kule Uganda hapana weza namna hii."

Erina akamsogelea. "Anasema nini?"

Loro alirudi pembeni ya nyumba, akatega sikio. Walimsikia wote wawili, sauti ndogo kati ya majani, ikirudia jambo lile lile kwa subira. Kicheko cha Loro kikapungua polepole.

"Anauliza," akasema. "Anauliza kitu moja tu, tena na tena. 'Kesho ni lini?'"

"Anauliza nani?"

Loro aliutazama uwanja, toka ukuta hadi ukuta. "Maalesh, samahani, Mama Lillian," akasema, "mimi iko na kazi mahali," na geti likabaki na bawaba moja mpaka leo.

Mtu wa maneno hawezi kulala nayo. Jioni ile ile Loro alimpigia dada yake simu Uganda, akamsimulia kama kichekesho: kuna mtoto wa wapangaji, Mganda wa watu, anaongea Kibari uani kwako, anauliza kesho ni lini. Simu ikakatika. Loro akalaumu mtandao.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, Fulgensio akiwa ameshaondoka kwenda kazini, mwanamke mrefu alisukuma geti. Alikuwa na mkoba mdogo na vumbi la barabara ya Nimule mpaka kwenye kope. Hakubisha hodi, hakusalimu. Alizunguka nyumba kama mtu anayejua njia, na Erina, aliyekuwa akifua, akamfuata na mikono yenye povu.

Mwanamke alisimama mbele ya njegere. Akayatazama majani, akayatazama mawe matano yaliyopangwa pembeni. Akakaa chini.

"Nani natoa mawe?"

"Ni mimi, mama," Erina akasema. "Nilifikiri ni mawe tu. Wewe ni nani?"

"Mimi Suzan. Nyumba ni yangu." Akaweka kiganja juu ya udongo. "Na hii ni mtoto yangu."

Kila kitu kilichomtisha Erina kwa miezi miwili kilimwangukia mara moja, akakaa chini kando yake.

Suzan alieleza kwa maneno machache, akiutazama udongo. Mtoto aliitwa Kiden. Miaka mitano. Homa ilimshika siku tatu, na barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa kwa risasi. Alikufa asubuhi. Mchana watu walikuwa tayari wanakimbia, magodoro kichwani. Baba yake, ambaye sasa naye hayupo, alichimba hapa, haraka haraka, bila sala, bila watu. Wabari huzika nyumbani ili marehemu asibaki peke yake, na wao walikuwa wanaiacha nyumba.

"Mimi naogopa yeye atanifuata akilia," Suzan akasema. "Naweka mawe tano, miaka yake. Namwambia, Kiden, usitoke hapa. Usilie. Kesho mama narudi." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Ni kitu watu nasema kwa mtoto. Kila mtu nasema. Sasa ni miaka nane."

Majani yalitikisika. Lillian alitoka katikati ya njegere, ambako Erina alikuwa na hakika hakuwamo, maana alikuwa amemlaza ndani. Alimtazama yule mgeni kwa muda mrefu. Kisha akapiga ukelele, "Yango!", akamrukia shingoni.

Hakuna aliyehitaji kumtafsiria Erina neno lile. Mtoto wake mwenyewe hakuwa amemkumbatia hivyo hata mara moja.

Wivu ulimpanda Erina kama moto wa nyasi kavu. Tuseme ukweli, alitaka kumng'oa mtoto kutoka shingoni mwa yule mwanamke na kumfungia ndani. Mikono ya Suzan ilikuwa hewani. Haikumgusa mtoto. Suzan alimtazama Erina akingoja ruhusa, na ni kule kungoja kulikomshinda Erina. Akawaza: nikizing'oa njegere hizi, mwanangu ataacha kula, atarudi mlimani, atanisahau. Nikiziacha, atanenepa, atacheka, na hatakuwa wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uani pale walikuwa wazazi wawili na mtoto mmoja.

"Huyu anaitwa Lillian," akasema. "Mimi namzaa. Nataka mtoto yangu, Mama Kiden."

Kusikia akiitwa hivyo, Suzan alifumba macho. "Najua. Ile yangu nakufa, najua sana. Mimi nitatoa hizi njegere kwa mkono yangu, narudisha mawe. Lakini nipe saa moja. Nimlishe mara moja. Halafu nitamwambia."

"Na kama baada ya saa moja hii yangu harudi?"

Suzan hakumwahidi kitu. Erina alimheshimu kwa hilo.

Akaingia jikoni. Amepika harusi yule mama, amepika misiba, hotelini amewapikia wakubwa wenye walinzi mlangoni, lakini hajawahi kupika chakula kigumu kama bakuli lile la njegere. Aliziambua moja moja. Maganda yalikuwa baridi kama yametoka mtungini. Alipika kama alivyopika siku ya kwanza, hakupunguza samli wala chumvi, akalibeba bakuli hadi nje. Kisha akampa Suzan.

Suzan alimlisha kwa vidole, mtoto akiwa mapajani. Mtoto aliongea. Aliongea Kibari bila kupumua, mdomo umejaa, akionyesha ukuta, akionyesha mlango, na Suzan alijibu, na mara moja akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Erina alikaa kizingitini amejifunga mikono tumboni. Hakuelewa neno, lakini swali lilipokuja alilitambua kwa mlio wake.

Suzan aliweka bakuli chini. Akamshika mtoto uso kwa mikono miwili, akamjibu polepole. Baadaye alimwambia Erina alichosema: kesho ni leo, Kiden. Mama amerudi. Sasa unaweza kulala.

Mtoto alipiga miayo. Ubaridi ukapita miguuni mwa Erina, ukielekea chini, na nyuma yake joto la Juba likauvamia ule uwanja kama maji yaliyofunguliwa. Majani ya njegere yakalegea. Kabla chai haijachemka yalikuwa yananing'inia kwenye vijiti, manjano, kama inavyopasa njegere yoyote iliyopandwa na mtu mbishi kwenye jua lile. Kuku wa jirani waliingia wakaanza kuchakura.

Suzan alimpa Erina mtoto aliyelala, jasho likimtoka kwenye paji. Kisha aling'oa mche mmoja baada ya mwingine, akasawazisha udongo, akarudisha mawe matano, akasema Baba Yetu kwa Kibari mpaka mwisho bila sauti kutetemeka. Sauti ilimtetemeka baadaye, aliponawa mikono.

Saa kumi na moja Lillian alikuwa bado amelala. Erina alikaa kando ya godoro, akihesabu pumzi zake. Suzan alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Alisema amekuja kuomba maji tu, lakini hakuyanywa, na Erina aliona jinsi alivyokuwa akiutazama ule uso, akasogea kidogo ili auone vizuri.

Mtoto alifumbua macho. Alimtazama Erina. Alimtazama Suzan.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa Kikiga.

Suzan hajui hata neno moja la Kikiga. Lakini alielewa. Aliitikia kwa kichwa mara mbili, akashukuru kwa maji, akaenda kukaa nje karibu na mawe yake.

Lillian alikunja mdomo, machozi yakaanza kujaa. "Nina njaa," akasema. "Nataka Kaaka."

Wiki chache nyuma Erina angebishana na kilio kile. Angepika kitu kingine, angetafuta mbegu nyingine, maana kushindwa hakukuwa tabia yake. Sasa alimvuta mtoto kifuani, naye hakukataa, akalia pale pale kwenye gauni la mwanamke ambaye bado hakuwa na jina la kumwitia. Kwa mkono mmoja Erina alimpigia Fulgensio, akamwambia awatafutie tiketi mbili za Kabale.

"Mbili? Na kazi yako?"

"Mbili, Fulgensio. Simwachi tena."

Lillian alisikia neno Kabale, akanyamaza. Aliinua uso wenye kamasi. "Tunaenda lini?"

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Erina, lile ambalo kila mtu humwambia mtoto. Alitazama nje mlangoni, kwenye mgongo wa Suzan, akalimeza.

"Leo," akasema.

Basi la Uganda huondoka alfajiri, na Erina alilijua hilo vizuri sana. Alifunga nguo za mtoto, akafunga na zake, na jioni ile ile wakaenda kulingoja stendi.